Mchuzi wa Nyama ya Kima: Sufuria Moja, Milo Mingi

Nusu kilo ya nyama ya kima, yaani nyama ya kusaga, ikiwa mezani saa kumi na moja jioni, kabla ya saa kumi na mbili watu wanaweza kuwa wanakula. Nyama ya vipande haikubali haraka hiyo. Ng'ombe wetu wengi hulishwa malishoni na hutembea sana. Nyama yao ina ladha nzuri lakini ni ngumu, na ile ya shingo au ya bega hudai saa moja na nusu motoni, wakati mwingine zaidi. Kwa kima, mashine imeshaifanya kazi ya kulainisha kabla hujawasha jiko. Kilichobaki ni ladha, na ladha ya kima hupatikana au hupotea katika dakika kumi za kwanza.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kima nyingi hupikwa namna moja: nyama, vitunguu, nyanya na maji huingia sufuriani karibu pamoja, kisha vinaachwa vichemke. Nyama inageuka kijivu na kushikana madonge, mchuzi unabaki mwepesi wenye harufu ya nyama mbichi, na mpishi anaongeza viungo vya pakiti mpaka harufu ifunikwe. Nyama hiyo haikukosa viungo, ilikosa kukaangwa.

Kuna sababu ya wazi. Nyama hupata rangi ya kahawia na ile harufu ya nyama choma pale joto la sehemu yake ya juu linapofika nyuzi 140 hivi. Palipo na maji, joto haliwezi kufika huko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93. Sufuria yenye majimaji haipandi zaidi ya hapo hata ukiongeza mkaa. Kwa hiyo maji ya nyama yatoke kwanza, nyama ikaangike, ndipo vingine vifuate.

Kununua

Usinunue kima iliyokwisha kusagwa na kulundikwa kwenye sinia ikiwa unaweza kuepuka. Hujui ni nyama ya sehemu gani, hujui imekaa tangu lini, na shahamu iliyochanganywa huwezi kuipima kwa macho. Nenda buchani asubuhi, chagua kipande chako kikiwa bado kinaning'inia au kimelala juu ya gogo, kisha useme: "Ndugu, nipimie nusu kilo ya bega, unisagie hiki hiki." Mwenye bucha mzuri hakasiriki. Katika masoko ya Kampala kama Nakasero, Wandegeya na Kalerwe, hata katika maduka madogo ya mitaani yenye mashine, ombi hilo ni la kawaida.

Bega na shingo ndizo sehemu ninazozipendekeza. Steki ya paja ni ghali na ni kavu mno kwa mchuzi, maana kima isiyo na shahamu hugeuka punje ngumu zinazokwama kooni. Lenga sehemu nne za nyama kwa sehemu moja ya shahamu, au pungufu kidogo. Kama kipande ulichochagua ni chekundu kitupu, mwombe akuongezee kipande kidogo cha shahamu asage pamoja. Isagwe mara moja tu. Ikipita mashineni mara mbili inakuwa laini kama uji, na sufuriani haina punje za kutafuna.

Tazama mashine pia. Nyama ya jana iliyokwama ndani yake ndiyo inayotoka kwanza na kuingia kwenye yako. Kwa familia ya Kiislamu, mashine iwe ya bucha la halali isiyosaga nyama nyingine. Uliza kabla hujalipa, wala si utovu wa adabu.

Kama hakuna mashine karibu, kisu kinatosha, na kusema kweli kima ya kisu ni tamu zaidi ya ile ya mashine. Kata nyama vipande vyembamba, vipange kwenye friza nusu saa vikazane bila kuganda, kisha uvikatekate kwa kisu kizito ukirudiarudia mpaka punje ziwe ndogo kama za mahindi. Kazi inachukua dakika kumi na tano. Kama huna friza, kisu kikali zaidi kitafanya kazi hiyo hiyo kwa jasho zaidi.

Nyama iliyosagwa haivumilii kuzurura. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu tu, lakini mashine huvisambaza hadi ndani. Toka buchani uende nyumbani. Isikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali, kama la Gulu au Arua mwezi wa Februari, saa moja inatosha. Kwenye friji baridi ipikwe siku hiyo au kesho yake.

Mahitaji ya watu watano

Nyama ya kima nusu kilo
Vitunguu maji vikubwa 2
Nyanya mbivu 4, au 5 zikiwa ndogo
Nyanya ya kopo, kijiko 1 cha mezani
Karoti 1
Pilipili hoho 1, ukipenda
Vitunguu saumu punje 4
Tangawizi, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba
Binzari ya mchuzi, kijiko 1 cha chai
Bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chai
Pilipili manga, robo kijiko cha chai
Chumvi, kijiko 1 cha chai kisichojaa
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya mezani
Ndimu nusu na majani ya dania, konzi moja

Binzari ya mchuzi ikikosekana, usiache kupika. Kitunguu, saumu na nyama iliyokaangwa vizuri vinajitosheleza. Nyanya ya kopo, hata hivyo, singeiacha, hasa nyakati za mvua ambapo nyanya za sokoni zina maji mengi na utamu mdogo.

Andaa vyote kabla ya moto

Upishi huu unakwenda mbio. Ukianza kumenya vitunguu nyama ikiwa motoni, itaungua au utalazimika kuiteremsha ipoe. Katakata vitunguu vidogo sana. Kwangua karoti kwa matundu madogo ya kikwangulio, ili iyeyuke ndani ya mchuzi, wala watoto wasiipate ya kuiweka pembeni ya sahani. Twanga saumu na tangawizi pamoja. Nyanya zikate vipande vidogo, au uzikwangue ili ganda libaki mkononi. Changanya bizari, binzari na pilipili manga katika kibakuli kimoja.

Nyama itoe kwenye friji robo saa kabla. Isioshwe. Najua wengi tumelelewa kuosha nyama, na kipande kizima ukikiosha utakifuta kikauke. Lakini kima ukiiosha unaijaza maji, na maji hayo ndiyo tunayopambana nayo. Usafi wake ulishauchagua buchani. Kama ina majimaji, ibonyeze kwa kitambaa safi, ukitumie mara moja tu kisha ukifue kwa maji ya moto.

Usiitie chumvi sasa. Chumvi ikikaa na nyama mbichi huifanya inate na kushikana, jambo zuri kwa kababu, si kwa mchuzi.

Kukaanga nyama

Chagua sufuria pana yenye kitako kizito, au karai. Sufuria nyembamba ya bati huunguza mahali pamoja na kuacha pengine baridi. Kwa sigiri, subiri mkaa ushike wote na uanze kuvaa majivu meupe juu, mlango wa chini ukiwa wazi. Kwa gesi, moto uwe juu ya wastani. Sufuria ikae tupu dakika mbili, tia kijiko kimoja cha mafuta, kisha weka nusu ya nyama, uitandaze kwa mwiko iwe safu moja.

Sasa iache. Hapa ndipo subira hukatika, mkono unataka kukoroga. Kila ukikoroga, nyama iliyoanza kupata joto inaondoka, mbichi inaingia, na maji yanazidi kumwagika. Acha dakika mbili hadi tatu bila kugusa, geuza kwa mafungu, acha tena. Kisha anza kuvunja madonge kwa ncha ya mwiko.

Sikiliza sufuria. Mwanzoni sauti ni ya kutokota, kwa sababu maji yanatoka. Baada ya dakika chache inabadilika, inakuwa ya kukaanga, kavu na yenye kupasukapasuka. Sauti hiyo ndiyo kipimo chako, si saa ya ukutani. Kitako cha sufuria kitaanza kushika ukoko wa kahawia. Huo usiuogope, ndiyo ladha yenyewe, na tutaubandua baadaye kwa nyanya. Ukiona unaelekea kuwa mweusi, punguza moto mara moja.

Toa nyama hiyo kwenye bakuli, rudia kwa nusu iliyobaki. Ukiwa na haraka kweli unaweza kuikaanga yote kwa mkupuo mmoja ikiwa karai lako ni pana, lakini ukipika kilo nzima, igawe mara tatu au nne. Sufuria iliyojaa huchemsha, haikaangi.

Kama mafuta ya nyama yamejaa chini, bakiza vijiko viwili, mengine yachote.

Vitunguu, kisha viungo

Shusha moto uwe wa wastani. Kwenye sigiri funga mlango wa chini nusu, au ondoa makaa mawili matatu. Tia mafuta yaliyobaki, vitunguu, karoti na chumvi yote. Chumvi huvuta maji ya vitunguu, nayo hulegeza sehemu ya ukoko. Kaanga dakika sita hadi nane mpaka vitunguu viwe laini na kingo zake ziwe za dhahabu. Usifupishe hapa. Kitunguu kisichoiva vizuri hukaa mchuzini kikiwa na ukali wake hadi mwisho, wala nyanya hazimsaidii mpishi, maana uchachu wake hukizuia kulainika.

Tia saumu na tangawizi, koroga nusu dakika. Tia viungo vya unga, koroga nusu dakika nyingine ili harufu ipande. Vikikaa zaidi ya hapo huungua na kuwa vichungu. Rudisha nyama yote, koroga.

Simama hapa kwanza: kima kavu

Ulichonacho sasa ni kima kavu, nayo ni chakula kamili. Wapishi wengi huipita bila kuiona kwa sababu wanakimbilia nyanya. Mimi huona hapa ndipo sufuria inapogawanyika. Chota theluthi au nusu, weka pembeni, uimwagie maji ya ndimu. Hiyo itakuwa ya sambusa, ya mayai au ya chapati. Inayobaki iendelee kuwa mchuzi.

Kwa sambusa, iache ipoe kabisa, kisha changanya kitunguu kibichi kilichokatwa vidogo na dania nyingi. Kima yenye nyanya haifai, kwani unyevu wake hulowesha manda na sambusa hupasuka kwenye mafuta. Watu wa Kibuli na Bombo wanaojiandaa kwa Ramadhani hufanya kiasi kikubwa mapema, na wana haki, kwa kuwa kima kavu hugandishwa vizuri kuliko mchuzi.

Kwa rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, vijiko viwili vya kima kavu kwa mayai mawili vinatosha. Piga mayai, changanya nyama, kabichi iliyokatwa nyembamba na chumvi kidogo, kaanga, laza chapati juu, geuza, kunja. Nyama iwe vuguvugu, la sivyo yai litaiva nje na kubaki baridi katikati.

Nyanya na maji

Kwa inayobaki sufuriani, tia nyanya ya kopo kwanza, uikaange dakika moja mpaka iwe nyekundu iliyokolea. Ukiitupa moja kwa moja kwenye maji, ule ukali wa kopo haumaliziki. Kisha nyanya mbichi. Sugua kitako cha sufuria kwa mwiko mpaka ukoko wote ubanduke. Funika dakika tano, funua, endelea kupika mpaka nyanya zivunjike na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Hiyo ni ishara kwamba maji ya nyanya yameisha.

Sasa maji ya moto, kikombe kimoja. Yakiwa baridi yanakata moto na kurefusha kazi. Acha mchuzi uchemke polepole dakika kumi hadi kumi na tano, kifuniko kikiwa nusu wazi. Mlio juu milimani, Kabale au Kisoro, ongezeni dakika tano au kumi, kwa kuwa maji yenu huchemka kwenye joto la chini. Kwa upande wa usalama kima inahitaji kufika nyuzi 71 hadi ndani, na mchuzi unaotokota sawasawa huvuka kiwango hicho popote Uganda.

Pilipili kali, kamulali, itie nzima bila kuipasua dakika kumi za mwisho, uitoe kabla ya kupakua. Harufu yake itabaki, ukali utakuwa wa kiasi, na anayeutaka mkali ataiponda kwenye sahani yake. Hoho na dania viingie dakika mbili kabla ya kuteremsha. Onja chumvi mwishoni, si katikati, kwa sababu mchuzi bado unapungua. Ukiona ladha imelala ilhali chumvi ipo, kinachokosekana ni uchachu: matone ya ndimu yanatosha. Ukiwa mchachu mno, karoti zaidi iliyokwanguliwa au vitunguu vilivyokaangwa vitautuliza kuliko sukari.

Uzito kwa kila mlo

Mchuzi huu haupaswi kuwa na uzito mmoja. Posho, yaani ugali, linahitaji rojo nzito, linaloshikika na tonge. Kwa wali uwe mwepesi kidogo, uingie kati ya punje. Matooke yaliyopikwa kwa mvuke kwenye majani ya ndizi na kupondwa hayana chumvi na hunywa mchuzi, basi ongeza nusu kikombe cha maji na uukoleze chumvi zaidi kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Viazi vitamu ni vitamu vyenyewe, vipatie mchuzi wenye ndimu na pilipili.

Kwa spageti au makaroni, punguza binzari au uiache, na kabla ya kumwaga maji uliyochemshia tambi, chota kikombe. Changanya tambi ndani ya sufuria ya mchuzi, pamoja na nusu ya maji hayo, kwa dakika mbili juu ya moto. Wanga uliomo huufanya mchuzi ushike tambi badala ya kuteremka chini ya sahani. Waitalia wa Bologna, ambao wana mapishi yao ya kima yaliyosajiliwa rasmi katika chama cha wafanyabiashara cha mji huo mwaka 1982, hutia na maziwa. Nimeona faida yake: robo kikombe ya maziwa freshi, ikitiwa baada ya nyanya kuiva, hupunguza uchachu na kulainisha nyama. Kwa posho siipendi, kwa tambi naipenda.

Mchuzi wa karanga ndio unaostahili muda wako zaidi. Chukua vijiko vinne vya karanga zilizosagwa, uzikoroge na kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina polepole kwenye mchuzi wa kima ulio motoni. Moto uwe mdogo. Koroga mara kwa mara kwa dakika ishirini, kwani karanga hushika chini upesi, na zisipoiva vizuri huacha ladha ya unga mbichi. Utajua zimeiva mafuta yake yakijitokeza juu na harufu ikibadilika. Nunua karanga nzima, uzichambue, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha zisagwe, maana ukungu huo huzalisha sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Karanga na kima pamoja na matooke, au na viazi vitamu vya moto, ni mlo ambao ningempikia mgeni bila kuomba radhi kwamba nyama ni ya kusaga.

Nyama ikiwa haba, maharage yaliyochemshwa yaongezwe wakati wa kutia maji, vikombe viwili kwa robo kilo ya kima. Ukiikatia chapati ndani, una kikomando chenye nyama. Njegere hufaa pia, ila ziive kwanza.

Na katogo la asubuhi: menya matooke kumi, mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usigande, yachemshe kwa maji kidogo yenye chumvi mpaka yaanze kulainika, mwaga maji yote isipokuwa kikombe kimoja, mimina mchuzi wa kima uliobaki jana, funika dakika kumi na tano. Usikoroge, tikisa sufuria tu, ndizi zisivunjike.

Kuhifadhi umeme ukikatika

Mchuzi uliopikwa usilale sufuriani juu ya jiko hadi asubuhi. Ugawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Humo unakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza, weka kiasi cha mlo mmoja katika kila mfuko safi wa chakula, ubonyeze uwe bapa, unene wa sentimita mbili, kisha uupange. Mfuko bapa huganda upesi na huyeyuka upesi. Ndani ya miezi mitatu ladha yake bado ni nzuri. Kaveera, ule mfuko wa plastiki wa sokoni, lisitumike kwa kazi hii.

Umeme ukikatika, usifungue. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa nne hivi, friza iliyojaa hutunza kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Kilichoyeyuka lakini bado kina chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Kilichofikia joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili kitupwe, hata kama hakinuki.

Usiye na friji, nunua cha siku hiyo. Robo kilo inakubalika katika bucha lolote, na mchuzi wa robo kilo ukiongezewa maharage au karanga unalisha nyumba. Mwenye friji, ukiupasha uliokaa humo tangu mchana kwa ajili ya usiku, tia maji kidogo, uchemke wote mpaka katikati kwa dakika kadhaa, wala usiupashe mara ya pili.